Nani Aliweka Kiondo Chini?

SOMO LA KIKUNDI: Vipaji vya mikono tulivyoacha njiani

 

Mara nyingi katika ukurasa huu tumeongea juu ya maji, mbegu, mikopo midogo na jinsi ya kuweka hesabu. Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo haliandikwi katika kitabu cha mweka hazina. Ni ile kazi ya mikono ambayo mtu alikuwa akiifanya kwa sababu anaipenda, halafu miaka ikapita, na siku moja akagundua ameiacha. Shuleni tulifundishwa kuiita uraibu. Mwalimu akisema, "Taja uraibu wako," mtoto alijibu kusuka, kufuma, kuchonga au kuimba. Siku hizi neno hilo tunalisikia zaidi tukizungumzia pombe na dawa za kulevya. Labda hata hilo lina somo ndani yake.

Tutachukua mfano mmoja tunaoujua sana huku Ukambani, yaani kusuka kiondo. Kama kikundi chenu kinatoka mahali pengine, wekeni jina la kazi yenu hapo: kufinyanga vyungu, kudarizi vitambaa, kupiga ngoma, kuchonga vigoda.

Somo hili linachukua kama saa moja na nusu. Kiongozi wa somo asome hadithi kwa sauti, polepole, mara mbili. Ikiwezekana mtu mmoja alete kiondo cha zamani na kukiweka katikati, wote wakione.

1. HADITHI

(Hadithi hii tumeitunga kwa ajili ya somo. Mtaamua wenyewe kama ni ya mbali au ni ya kwenu.)

Mtoto wa darasa la tano alirudi nyumbani siku ya Jumatano. Akasema, "Mama, mwalimu amesema Jumatatu kila mtu alete kikapu alichosuka yeye mwenyewe. Amesema tufundishwe nyumbani."

Mama alikuwa anakuna mahindi. Akasema, "Haya, mwanangu, tutaona."

Alhamisi ilikuwa siku ya chama. Ijumaa ilikuwa siku ya maji. Jumamosi mama alienda soko. Alipita kwa muuza vikapu, akachagua kidogo cha bei nafuu, akalipa shilingi 250. Njiani akakifungua ukingo kidogo kwa kisu, ili kionekane kama kimesukwa na mtoto.

Jioni, susu, ambaye ni mama mkwe wake, alikuwa ameketi nje ya jiko. Alikichukua kile kikapu, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. Akauliza, "Ni nani alisuka hiki?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akasema, "Ni cha shule, mama."

Susu akasema, "Sijauliza ni cha wapi. Nimeuliza ni nani alisuka."

Hakuna aliyejibu. Susu akakirudisha mezani, akasema tu, "Na mimi niko hapa."

Jumatatu mtoto alipeleka kikapu shuleni, akapata alama nzuri.

2. MASWALI YA KWANZA

Gawanyikeni watu watatu watatu. Zungumzeni kwa dakika 15, halafu mrudi pamoja.

a) Katika hadithi hii, ni nani alifanya makosa? Au hakuna?
b) Susu alimaanisha nini aliposema, "Na mimi niko hapa"?
c) Mama mwenyewe huenda alijua kusuka alipokuwa msichana. Kwa nini hakukumbuka kwamba anaweza kufundisha?
d) Kila mmoja ataje kazi moja ya mikono, au wimbo, au mchezo, aliokuwa anaupenda akiwa na miaka 15. Mara ya mwisho kuufanya ilikuwa lini?

Swali la mwisho msiliharakishe. Mtu akinyamaza, mpeni nafasi. Nimeona wazee wakicheka mwanzoni, halafu wakanyamaza kwa muda mrefu.

3. KIONDO KILITOKA WAPI, NA KILIENDA WAPI?

Ni vizuri tuelewe kwamba watu hawakuacha kusuka kwa uvivu. Kuna sababu, na sababu nyingine ni kubwa kuliko sisi. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, malighafi. Zamani kiondo kilisukwa kwa nyuzi za maganda ya mbuyu na ya vichaka fulani vya porini. Mkonge tunaoufikiria kuwa ni wa mababu zetu asili yake ni Mexico. Uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893, wakati wa Wajerumani kule Tanganyika, ndipo ukaenea hadi kwetu na kupandwa mipakani mwa mashamba. Kwa hivyo nyanya zetu waliacha ganda la mbuyu wakachukua mkonge, na kiondo kikabaki kiondo. Baadaye zikaja nyuzi za dukani za rangi, wakachanganya. Tukumbuke jambo hili, tutalirudia.

Pili, soko. Zamani mama alisuka kiondo cha kubebea mahindi, au cha kumpa binti yake, au cha kumtunza rafiki. Alisuka akitembea kwenda kisimani, akichunga mbuzi, akingoja zamu yake. Miaka ya 1970 na 1980 vyondo vikapendwa sana ng'ambo. Wanunuzi wakaja, vikundi vikaanzishwa, pesa zikaingia. Karo zililipwa kwa vyondo, mabati yakanunuliwa kwa vyondo. Hilo lilikuwa jema, tusilikatae. Lakini pamoja na pesa kukaja saizi ya mnunuzi, rangi ya mnunuzi, na siku ya mnunuzi. Mama aliyekuwa akisuka maua anayoyawaza mwenyewe sasa alisuka mistari 30 inayofanana. Kisha vikaja vikapu vya kuiga kutoka viwanda vya Asia, vya bei ya chini, na bei ya kiondo ikaanguka. Mama akahesabu akaona hapati kitu. Akaacha.

Hapa tuangalie vizuri. Alipoacha ile biashara, hakurudi kusuka maua yake. Aliacha yote mawili. Kazi ya moyo ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya pesa, na pesa zilipoondoka, moyo nao ukaondoka.

Tatu, mfuko wa plastiki. Dukani ulipewa bure. Ni nani angebeba kiondo? Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo watu wengi wamerudia vikapu. Lakini wengi wetu tulikuwa tumeshasahau kusuka, tukaenda kununua.

Nne, shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, uliweka Sanaa na Ufundi, Muziki na Sayansi Kimu katika shule ya msingi. Sisi tuliosoma miaka hiyo tulisokota kamba, tukasuka vikapu, tukafuma sweta za mtoto mchanga. Lakini tulifanya kwa ajili ya mtihani. Mtihani ukipita, kazi ikatupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya kutahiniwa yalipunguzwa, na masomo haya yakawekwa kando. Sasa mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa shuleni mwaka 2019, umerudisha sanaa na kazi ya mikono. Mtoto anatumwa nyumbani akajifunze. Anakuta nini nyumbani?

Tano, maisha yenyewe. Ndoa, watoto, shamba, wagonjwa, mikutano. Hakuna mtu anayeamka asubuhi na kusema, "Leo naacha kusuka." Mtu husema, "Nitamalizia mvua ikiisha." Mvua inaisha, kunakuja mavuno. Kiondo kinatundikwa ukutani kikiwa nusu, panya wanaingia. Ndivyo kazi hizi zinavyokufa, bila matanga.

4. KOSA LANGU MWENYEWE

Kuna sababu ya sita, na hii naiandika kwa aibu kidogo.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nimetoka chuoni juzi na diploma yangu. Kikundi cha kwanza nilichotembelea kilikuwa cha wamama 22. Nilifika nikakuta wamekaa chini ya mti, kila mmoja na kiondo chake mapajani, vidole vinaenda. Nikaona hawa hawako tayari kusikiliza. Nikasema, "Wamama, tafadhali wekeni vyondo chini tuanze mkutano."

Mama mmoja mzee akanijibu, "Mwalimu, masikio yangu hayako mikononi."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini waliweka chini, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa na faili. Mkutano uliofuata nikasema tena. Baada ya mwaka hivi hakuna aliyekuja na kiondo. Nikaandika katika ripoti kwamba nidhamu ya mikutano imekuwa nzuri.

Miaka ikapita. Siku moja nikawauliza wamama wale wale, "Tufanye mradi gani wa kuongeza mapato?" Mmoja akasema, labda kusuka. Wenzake wakatazamana. Kati ya 22, waliokuwa bado wanasuka walikuwa wanne. Yule mama mzee alikuwa ametangulia mbele ya haki. Kulikuwa na mshono mmoja wa ukingo ambao yeye peke yake ndiye aliujua. Tulitafuta kiondo chake chochote tukiangalie. Kilipatikana kimoja, ukingo umeliwa.

Sisemi ni mimi peke yangu niliyewaachisha. Lakini mkutano ulikuwa ndio wakati pekee katika wiki ambao wamama wale walikaa chini kwa saa mbili, na mimi niliwanyang'anya wakati huo. Isitoshe, kila mara mtu aliponionyesha kitu alichotengeneza, swali langu la kwanza lilikuwa, "Unauza pesa ngapi?" Sikuwahi kuuliza, "Ulifikiriaje rangi hizi?" Sisi watu wa maendeleo tuna ugonjwa huu. Tukiona kitu kizuri tunataka kiwe mradi.

5. TUNAPOTEZA NINI?

Mtu atasema, "Watu hawana chakula, na nyinyi mnaongea juu ya maua ya kiondo." Ni swali la haki. Tulijibu hivi katika kikundi kimoja, nanyi mtaongeza yenu.

Tunapoteza ujuzi usioandikwa. Jinsi ya kujua jani la mkonge limekomaa, jinsi ya kusokota pajani uzi usikatike, pahali pa kuongeza uzi ili kitako kisijikunje. Mambo haya hayako kitabuni, yako vidoleni. Mwenye vidole akienda, anaenda nayo.

Tunapoteza mazungumzo. Binti aliyeketi na mama yake kusokota nyuzi alisikia mengi ambayo hangeambiwa uso kwa uso. Ni rahisi kusema jambo zito macho yakiwa kwenye kazi.

Tunapoteza pumziko. Mwenye huzuni akiwa na kitu mikononi, saa inapita. Mjane mmoja aliniambia kwamba baada ya kumzika mzee wake hakuweza kulala, lakini aliweza kusuka. Alimaliza kiondo, na hakukiuza mpaka leo.

Tena tunapoteza jambo la kuonyesha. Shamba ni la familia, pesa ni za karo, mkopo ni wa kikundi. Ule mstari mwekundu ulioamua kuuweka pale ulikuwa wako wewe.

Na wanaume msifikiri somo hili ni la wamama. Ni nani kati yenu bado anachonga mzinga wa nyuki kwa gogo? Ni nani anajua kutengeneza kigoda cha miguu mitatu? Uchongaji wa sanamu uliolifanya jina la Wamunyu lijulikane ulianzishwa na Mutisya Munge. Alikuwa mtu mzima aliyeenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa Kizaramo, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Yaani mtu anaweza kujifunza akiwa mkubwa, tena akiwa katika shida.

6. JE, MIKONO INASAHAU?

Habari njema ni kwamba mikono haisahau haraka kama kichwa. Jambo ulilolifanya mara nyingi kwa mikono linakaa ndani kwa miaka mingi. Ukilianza tena unakuwa mzito, unakosea, lakini unajifunza upesi kuliko mara ya kwanza. Ni kama kuendesha baiskeli.

Kinachotuzuia mara nyingi ni aibu. Mtu aliyekuwa fundi hapendi kuonekana anakosea kama mtoto. Nami nina ushahidi. Nilikuwa nikifuma vitambaa vya viti tangu shule ya upili. Nilipopata mtoto wa kwanza niliacha kimoja nusu, kikakaa katika sanduku miaka mingi. Mwaka jana nilikitoa. Safu ya kwanza ilienda mshazari kabisa, mtoto wangu mkubwa akauliza kama ni ramani. Safu ya nne ikanyooka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

7. KURUDI POLEPOLE: MPANGO WA WIKI SITA

Huu ni mfano tu. Badilisheni kulingana na kazi yenu.

Wiki ya 1. Kila mtu alete kitu kimoja cha zamani alichotengeneza yeye, au mama yake, hata kama kimeharibika. Aeleze kilitengenezwa lini na kwa nini. Msiulize bei. Karani aandike majina ya wazee wa kijiji wanaojua kazi hiyo bado.

Wiki ya 2. Mwalikeni mzee mmoja. Msimwite aje "kutoa mafunzo", mwambieni aje akae nanyi na kazi yake. Mpeni chai na nauli. Kijana mmoja aandike au achore anavyofanya, na kama kuna simu yenye kamera, apige picha za mikono yake hatua kwa hatua.

Wiki ya 3. Kutayarisha nyuzi. Kateni majani ya chini yaliyokomaa. Ondoeni mwiba wa ncha na miiba ya kandokando kwanza, msije mkaumia. Pasueni vipande vyembamba, mkwangue nyama ya jani mpaka zibaki nyuzi nyeupe, mzioshe, mzianike. Maji ya mkonge huwasha ngozi, kwa hivyo watoto wasichezee, na mnawe kabla ya kugusa macho. Kama hakuna mkonge, tumieni uzi mliopata. Kumbukeni nyanya zetu na ganda la mbuyu. Malighafi ikibadilika, kazi haijafa.

Wiki ya 4. Kusokota na kuanza kitako. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Nyuzi za kusimama zinapishana katikati, na uzi wa kuzungusha unazipitia mduara kwa mduara. Mduara ukipanuka mnaongeza nyuzi za kusimama. Mkiongeza chache, kitako kitajikunja kama bakuli. Mkiongeza nyingi mno, kitafanya mawimbi. Fungueni, mrudie. Kufungua si aibu.

Wiki ya 5. Kupanda juu. Sasa hamwongezi nyuzi tena. Mkutano wa wiki hii ufanywe vyondo vikiwa mapajani. Karani asome kumbukumbu kama kawaida. Mtaona kwamba masikio hayako mikononi.

Wiki ya 6. Kila mwanakikundi alete mtoto mmoja, wake au wa jirani, mvulana au msichana, amwanzishie kitako. Mtoto afanye mwenyewe. Kikitoka kibaya, kiwe kibaya cha kwake.

8. NA PESA JE?

Hatukatazi kuuza. Lakini tunapendekeza kanuni moja: kiondo cha kwanza kisiuzwe. Kitumie, au mpe mtu unayempenda.

Kikundi kikiamua kuuza, hesabuni kwa macho wazi. Tuseme kiondo kimoja kimechukua saa 40 za kusuka. Mnunuzi analipa shilingi 600, na nyuzi na mkanda wa ngozi zimegharimu 200. Imebaki 400. Gawanya kwa saa 40: umepata shilingi 10 kwa saa. Je, unakubali? Labda utakubali kwa sababu ulikuwa ukisuka huku ukichunga mbuzi. Labda utakataa na kutaja bei nyingine. Yote ni sawa, bora uamue wewe. Mkitaka, gawanyeni kazi: vya oda ya mnunuzi vifanywe kwa siku maalum, na kila mama abaki na kimoja ambacho rangi zake hazijaagizwa na mtu.

9. MASWALI YA MWISHO

a) Katika kijiji chetu, ni ujuzi gani uko kwa mtu mmoja au wawili tu? Tuwataje kwa majina. Nani atamtembelea kila mmoja kabla ya mwezi kwisha?
b) Ni kanuni gani za mikutano yetu zinazowazuia watu kufanya kazi ya mikono? Tuzibadilishe?
c) Kila mtu amalizie sentensi hii mbele ya wenzake: "Kitu nitakachotoa tena sandukuni ni..."

Kwa (a) msiishie kwa maneno. Karani aandike jina la mzee, jina la atakayemtembelea na tarehe, na mkutano ujao swali la kwanza liwe, "Ulienda?"

Mimi nimerudi kwa kile kikundi cha kwanza mwezi uliopita. Wale wamama wanne sasa wanasuka na wengine saba. Ule mshono wa ukingo wa mama mzee bado hatujaupata. Kama katika kijiji chenu kuna kiondo cha zamani ambacho ukingo wake umefungwa kwa nyuzi tatu zilizopindwa kwa ndani, msikitupe. Tuonyesheni.

Basi kwaherini mpaka somo lijalo. Na kama mlisoma somo hili kiondo kikiwa mapajani, endeleeni tu.